Vipeo Vilivyoshushwa

Jamhuri ya Sawasawa ipo, ila msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Mwaka wa kisa hiki ramani zote zilikuwa zimepelekwa wizarani kusahihishwa, na hadi leo hazijarudi. Ni nchi ya watu wapole sana. Mvua ikinyesha wanaishukuru serikali, na isiponyesha wanaishukuru kwa sauti ya juu zaidi, maana hawajui nani anasikiliza.

Katika nchi hiyo, kwenye mji mdogo wa Mabatini, alikuwapo mwalimu wa hisabati aliyeitwa Asteria Lugome. Alikuwa mwanamke mwembamba, mchache wa maneno, aliyezoea kusahihisha madaftari ya wanafunzi kwa kalamu nyekundu akiwa amekaa kwenye mkeka barazani kwake. Mwanafunzi akikosa, alimwita akamwonyesha mstari alipoteleza. Akipata kwa njia ambayo mwalimu mwenyewe hakuifundisha, Asteria alifurahi kutwa nzima, hata majirani wakajua.

Wizara ya Elimu na Mitambo iliona kazi hiyo inachosha, ikamhurumia. Ikaleta Mtambo.

Siku ya kuuzindua walichinjwa mbuzi, na Waziri, Mheshimiwa Daktari Kasiani Tambo, akahutubia taifa. "Mwalimu ni binadamu," alisema. "Binadamu ana njaa, ana usingizi, ana shemeji. Mtambo hauna shemeji." Watu walipiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa shemeji yake Waziri, ambaye ndiye aliyeiuzia wizara.

Tangu hapo wanafunzi wote wa Sawasawa walipokea maswali kwa simu, wakajibu kwa simu, na Mtambo ukatoa alama kabla mtu hajapepesa jicho. Siri ya wepesi wake ilikuwa moja tu. Mtambo haukukokotoa chochote. Ulichukua jibu la mtoto, ukaliweka kando ya jibu la wizara, ukalinganisha herufi kwa herufi. Yakifanana, umepata. Yakitofautiana, sifuri. Mtoto aliyeandika nusu kama 1/2, wakati wizara iliandika 0.5, alipata sifuri. Aliyeandika x + 2, wakati wizara ilipenda 2 + x, alipata sifuri. Mmoja aliandika jibu sahihi kabisa, kidole kikateleza kikaacha nafasi tupu mwishoni. Naye akapata sifuri, pamoja na onyo la uchafu.

Walimu walinong'ona. Wizara iliwajibu kwa upole kwamba walikuwa hawajauelewa Mtambo. Hisabati ilikuwa jambo dogo kwake. Kilichosahihishwa pale kilikuwa nidhamu.

Ndipo likaja zoezi la vipeo.

Aliyesahau shule nimkumbushe. Ukitaka kuandika 5 × 5 × 5 kwa kifupi, unaandika tano, halafu begani mwake unapakata tatu ndogo: 5³. Hiyo tatu ndogo ndiyo kipeo. Inaeleza tano zinazozidishana ni ngapi, na jawabu lake ni mia moja ishirini na tano, Sawasawa na kwingineko.

Karani wa wizara aliingiza majibu yake vizuri tu. Lakini Mtambo haukuwa na habari za tarakimu zinazokaa begani mwa wenzake. Zile za karani uliziteremsha zote, ukazipanga mstari mmoja kama askari wa gwaride. 5³ ikawa 53. 2⁴ ikawa 24. Na ishirini kwa kipeo cha pili, yaani ishirini mara ishirini, ambayo tangu dunia iumbwe ni mia nne, ikawa 202.

Zoezi hilo halikuwa la mchezo. Ndilo lililochagua nani aendelee na masomo ya sayansi na nani apelekwe Chuo cha Vigelegele, ambako serikali huwafunza vijana wasiofaulu namna ya kushangilia viongozi kwa zamu bila kukauka koo.

Siwema Kalanje, binti ambaye Asteria alikuwa akimtunzia maswali magumu kama mtu anayemtunzia mgeni kipapatio, aliandika 5³. Mtambo ukamjibu: "Si sahihi. Jitahidi, mzalendo." Akaandika 125. Si sahihi. Akaandika 5 × 5 × 5. Si sahihi. Akalia kidogo, akajifuta, akajaribu kwa maneno. Mtambo ukamwambia lugha ya matusi hairuhusiwi.

Nchi nzima ilipata sifuri, isipokuwa mvulana mmoja. Aliitwa Pazi Ndimbo, naye pia alikuwa wa darasa la Asteria, kijana wa dirishani ambaye usingizi ulimjua kwa jina. Pazi alipata mia kwa mia.

Asteria alikwenda kwa mwalimu mkuu, Bwana Lukindo, akamweleza kwa utulivu kuwa Mtambo ulikuwa umevishusha vipeo.

"Mwalimu Asteria," alisema Bwana Lukindo, huku akifunga dirisha. "Ukisema Mtambo umekosea, umesema Waziri amekosea. Na ukisema Waziri amekosea, mimi siku hiyo sikuwepo."

"Upo mbele yangu, mwalimu mkuu."

"Ndivyo unavyoona wewe."

Wizara ingeweza kurekebisha kosa lile kabla chai haijapoa. Lakini kurekebisha maana yake ni kukiri, na kukiri ni desturi ya nchi nyingine. Badala yake Waziri Tambo alitokea kwenye televisheni.

"Wananchi," alisema, "tumerithi hisabati ya matabaka. Tarakimu moja inampandia mwenzake begani. Ni ndogo, haina uzito, haijafanya kazi yoyote, na eti ndiyo inayotoa amri. Mtambo wetu umeliona hilo kabla yetu. Kuanzia leo, katika Jamhuri ya Sawasawa, tarakimu zote zitakaa chini." Aliyasema hayo akiwa kwenye kiti kirefu kuliko vyote ukumbini, na miguu yake haikugusa sakafu.

Mama yake Siwema alikuja barazani kwa Asteria na kitenge chake kimefungwa kiunoni kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi. Hakugombana. Alikaa.

"Mwalimu, niambie ukweli. Mwanangu hajui?"

"Anajua, mama. Baada ya mwaka mmoja sitakuwa na cha kumfundisha."

"Sasa mbona kaletewa sare ya kwenda kushangilia?"

Asteria alimwandalia mgeni wake chai, ikanywewa, na yule mama akaaga bila kumlaumu. Hilo ndilo lililomkosesha raha zaidi.

Hazikupita siku nyingi, gari la wizara likasimama mlangoni kwake. Akashuka Afisa Itifaki, Bwana Mansuri, mtu mwenye adabu nyingi na shingo fupi. Alimpongeza Asteria. Wizara ilikuwa imepekua ikagundua kuwa Pazi, Bingwa wa Taifa wa Vipeo Vilivyoshuka, alikuwa na mwalimu, na mwalimu huyo, kwa mujibu wa mantiki, ndiye Mwalimu Bora wa Taifa.

"Sikumfundisha hivyo," alisema Asteria.

"Unyenyekevu wako tumeuandika," alisema Mansuri.

Alimweleza mambo yatakavyokuwa. Kungekuwa na sherehe mji mkuu. Asteria angepanda jukwaani akatamka sentensi moja tu: "Ishirini kwa kipeo cha pili ni mia mbili na mbili, na jukwaa hili ni ushahidi." Baada ya sentensi hiyo angekuwa Mkurugenzi wa Majibu, na nyumba yenye maji ya bomba yanayotoka hata siku ambazo hakuna mgeni wa kitaifa.

"Jukwaa linaingiaje?"

"Limejengwa kwa hesabu mpya. Mita ishirini kwa ishirini. Kila ubao unafunika mita moja ya mraba, kwa hiyo zimeagizwa mbao mia mbili na mbili. Waziri anataka dunia ione kwamba zimetosha."

Ningependa kuwaambieni kwamba Asteria alimfukuza. Hakumfukuza. Alikuwa amebeba ndoo kichwani tangu utotoni, na paa lake lilivuja mahali palepale penye kitanda. Mansuri alipoondoka, alisimama mbele ya kioo akaijaribu ile sentensi. Mara ya kwanza ulimi ulikataa. Mara ya pili ilitoka. Mara ya tatu ilitoka vizuri, kwa sauti ya kupendeza, na hapo ndipo alipoogopa. Akajiambia ni maneno tu. Serikali ina maneno mengi, lake moja halitaongeza mzigo. Akapiga pasi gauni lake la kijani.

Uwanja wa sherehe ulijaa. Wanafunzi wa Chuo cha Vigelegele walipangwa mbele, sare za njano, na Asteria alimwona Siwema katika safu ya kwanza, kakodoa macho mbele kama mtu anayehesabu jambo asilotaka kulihesabu. Walitazamana kidogo. Siwema ndiye aliyeinamisha uso, ingawa hakuwa na la kuonea haya.

Jukwaa lilikuwa pana na la kupendeza, limetandikwa zulia jekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Asteria alipopanda, alianza kukatisha katikati, na Mansuri akamshika kiwiko.

"Pita huku, Mwalimu. Huko usipite."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu," alijibu Mansuri, na kwa mara ya kwanza tangu iundwe, wizara ikawa imesema kweli tupu.

Asteria alikaa kwenye kiti chake akatazama. Viti vyote vya wakubwa vilikuwa vimerundikwa upande wa kushoto, vimebanana, goti kwa goti. Makatibu walikaliana karibu mapajani. Waziri mwenyewe, mtu mpana aliyependa nafasi, alikuwa kajikunyata kama abiria wa bure. Upande wa kulia hapakuwa na kiti hata kimoja. Zulia lilitandazika huko, safi, na upepo ulipopita chini yake lilipumua taratibu.

Hapo akaelewa, na alichoelewa hakikuwa juu ya mbao. Kwamba zingefunika nusu tu ya jukwaa alikwisha kulijua nyumbani. Alielewa kwamba wote wanajua. Waziri anajua, makatibu wanajua, shemeji anajua. Kila mmoja, kabla ya kupanda, alikuwa ameuliza kwa sauti ya chini, "Mbao zimeishia wapi?" Hadharani walihesabu kwa Mtambo. Wakitaka kukanyaga, walihesabu kama yeye.

Waziri Tambo alihutubia. Alianza na sifa za Mtambo, akapita kwenye sifa za nchi, akafika kwenye sifa zake mwenyewe, na huko akanogewa. Mtu akinogewa na maneno ni kama mtu anayeteremka mlima kwa mbio. Miguu ndiyo inayoamua.

"Wapo wasiosadiki," alisema. "Basi leo watasadiki. Kabla Mwalimu Bora hajatamka neno lake, Bingwa wetu, kijana Pazi Ndimbo, atalitembea jukwaa hili lote, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, na dunia ishuhudie."

Mansuri aligeuka rangi ya majivu. Wakubwa wakatazama viatu vyao. Waziri naye, maneno yalipokwisha kutoka, aliyasikia, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso wa mtu wa kawaida. Lakini kamera zilikuwa zinaangaza. Waziri hajikosoi mbele ya kamera. Akanyoosha mkono kumwonyesha kijana njia.

Pazi alisimama. Alikuwa amevalishwa suti iliyompita mabega. Alitazama zulia, akatazama mkono wa Waziri, akainua mguu kama mtoto aliyefunzwa kutii.

Asteria hakukumbuka kuondoka kwenye kiti. Alijikuta tu ameshika mkono wa suti ile kwa nguvu, na kitambaa kikalia kwenye mshono.

"Mheshimiwa," alisema, na kipaza sauti kilikuwa karibu, kikaibeba sauti yake hadi mwisho wa uwanja. "Nisamehe. Mimi nimelelewa kijijini, na kwetu mtoto hamtangulii mkubwa. Tangulia wewe, baba, sisi tutafuata nyuma yako."

Waziri alitabasamu tabasamu la meno ya juu tu.

"Ningependa sana," alisema. "Lakini nina goti. Katibu Mkuu ataniwakilisha."

Katibu Mkuu aliinuka nusu, akakaa. Naye alikuwa na goti. Alimwomba Mkurugenzi wa Mitambo amwakilishe, na ikajulikana kuwa Mkurugenzi ana magoti yote mawili. Ombi likapita safu nzima. Shemeji yake Waziri, aliyeonekana asubuhi ile akicheza ngoma, alisema yeye ni nyonga. Siku hiyo taifa liligundua kwamba safu yote ya mbele ni wagonjwa wa viungo, na hakuna aliyekuwa amewapeleka hospitali.

Asteria bado alikuwa amemshika Pazi. Akamwuliza kwa sauti aliyoitumia darasani, ile isiyotisha, na kipaza sauti kikaibeba nayo.

"Pazi, ishirini mara ishirini ni ngapi?"

"Mia nne, mwalimu."

"Unajua?"

"Najua. Kila mtu anajua."

"Sasa kwenye zoezi mbona uliandika 202?"

Pazi alikuna kichwa. "Nilijibia simu ya vitufe ya bibi. Ile haipandishi namba juu. Nikaandika hivyo hivyo, nikijua atakayesoma ataelewa nilichotaka kusema."

Ilikuwa sentensi ya mtoto, haina ubaya ndani yake, na Asteria aliisikia ikimpita kifuani kama kitu cha moto. Nikijua atakayesoma ataelewa. Hakuna aliyekuwa amesoma. Aliachia mkono wa suti, akamshika kijana bega, wakashuka ngazi pamoja kwa upande wenye mbao.

Sasa, wanafunzi wa Chuo cha Vigelegele walikuwa na maagizo: Bingwa akimaliza kuongea, mshangilie. Kiongozi wao, mtu asiyefikiri saa za kazi, akainua kibendera. Vijana wakapiga vigelegele, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chuo hicho havikukoma kibendera kilipoteremshwa. Aliyeendelea zaidi alikuwa Siwema. Televisheni ya taifa ilikatisha matangazo, ikaonyesha kipindi cha ufugaji wa nyuki.

Kesho yake wizara ilitoa tamko. Ilisema sherehe ilifana. Ilisema jukwaa lilitumika kuanzia mwanzo hadi mwisho na hakuna hata mtu mmoja aliyeanguka, jambo linalothibitisha kisayansi kwamba mbao mia mbili na mbili zinatosha. Mtambo uliongezewa mamlaka. Pazi alivuliwa ubingwa kwa kosa la kujua. Suti waliichukua, pamoja na ule mshono uliofumuka.

Na Asteria alipandishwa cheo. Ndivyo lilivyosema tangazo. Alipandishwa hadi Kilima Mbuzi, shule ya vyumba viwili iliyo juu sana, mahali ambapo simu haishiki mtandao hata ukipanda juu ya paa. Wizara ilimpeleka huko ili asisikike. Haikukumbuka kwamba pasipo na mtandao, Mtambo nao haufiki.

Alifika amechoka, mfukoni ana kalamu zake nyekundu. Siku za kwanza alilia usiku, maana huko hata ndoo ya maji ilikuwa na safari yake, na ile nyumba ya bomba alikuwa ameiona kwa macho ya moyo, na vigae vyake. Asubuhi alifundisha. Vipeo alivirudisha mabegani. Mtoto aliyeandika 5³ alipata; aliyeandika 125 alipata; aliyeandika 53 aliitwa mezani akaulizwa, "Ulitaka kusema nini, mwanangu?"

Habari za namna hiyo hazihitaji mtandao. Mama yake Siwema alikuja na binti yake wakiwa wamebeba godoro. Pazi alikuja na bibi yake. Wakaja watoto wa fundi seremala, wakaja wa muuguzi, watu ambao kazi zao hazivumilii ishirini mara ishirini iwe 202. Darasa likajaa, wengine wakakaa kwenye mkeka mlangoni.

Alasiri moja lilipanda gari jeusi, la fahari, limejaa vumbi. Kwenye boneti palikuwa na kile kijiti cha bendera, na bendera yenyewe ilikuwa imefunikwa kwa soksi. Akashuka mwanamke aliyejifunika mtandio hadi machoni, amemshika mkono msichana mwenye paji pana la uso. Asteria alilijua paji lile. Lilikuwa kwenye picha katika kila ofisi ya nchi.

"Mimi ni mama wa kawaida tu," alisema yule mwanamke.

"Karibu, mama."

"Nimemleta huyu asome. Ila ninaomba jina lake lisiandikwe popote."

"Baba yake anafanya kazi gani?"

"Yupo serikalini." Alisita. "Upande wa elimu."

"Na anajua kwamba umemleta huku?"

"Ndiye aliyenielekeza njia."

Asteria angeweza kusema mengi, na mengine alikuwa ameyaandaa tangu siku ya sherehe. "Huko mjini kuna Mtambo," alisema mwishowe. "Unasahihisha kabla mtu hajapepesa jicho. Kwa nini asibaki nao?"

Mwanamke aliteremsha mtandio. Hakuwa na kiburi usoni. Alikuwa na usingizi wa siku nyingi.

"Mwalimu," alisema, "mtoto huyu anataka kuwa daktari. Na baba yake ana presha. Itafika siku yeye ndiye atakayempimia dawa."

Asteria alimwonyesha msichana mahali pa kuvulia viatu, akawaambia walio kwenye mkeka wasogee kidogo.